Koti la Mwashi wa Kongo

Wewe unayenisikiliza, sogea kidogo, maana jambo hili silisemi kwa sauti kubwa. Nimefundisha watoto wa chekechea kwa miaka mingi, kwa hiyo nimezoea kueleza kitu polepole na kukirudia ikibidi. Ukipotea njiani usione aibu. Mimi mwenyewe nilipotea, tena kwa muda mrefu kuliko utakavyopotea wewe.

Nitaanza na swali lililokuwa likinila, ndipo ujue tunaelekea wapi. Nilitaka kujua kama kulikuwa na kitu kati ya rafiki yangu na mume wangu. Mume wangu alikuwa amekwisha kufa, hangeweza kunijibu. Rafiki yangu alikuwa hai, anakaa mlima wa pili kutoka kwangu huko Vihiga, magharibi mwa Kenya, tunaonana kila Jumapili kanisani, na sikuwa nimemuuliza.

Swali hilo lililetwa na koti. Kwetu magharibi, mwanamume akifa, mke wake huvaa koti lake. Hulivaa juu ya nguo zake hata jua likiwa kali, akakaa nalo siku zote za msiba, ili kila anayeingia uani ajue bila kuuliza kwamba mjane ni huyu. Siku tuliyomzika mume wangu nilivaa koti lake la kijivu kuanzia alfajiri. Adhuhuri jua lilinizidi. Nikalivua, nikaliweka kwenye kiti, nikaenda nyuma ya nyumba kunawa uso. Sikuwa nimelia. Machozi yalikataa tu, kama bomba lisilo na maji.

Niliporudi nilikuta rafiki yangu amekaa karibu na jeneza, koti la mume wangu mabegani mwake, analia. Alikuwa analia vizuri. Watu wa mbali, wasionifahamu, walikuwa wamepanga foleni mbele yake, wanampa mkono, wanamwambia pole mama, Mungu akutie nguvu. Nilisimama pale nikiwa na jagi la maji mkononi. Mzee mmoja akanigeukia akaniomba nimsaidie maji ya kunawa. Nikammwagia. Kwenye mazishi ya mume wangu, nilimwagia mgeni maji mikononi kama msichana wa jikoni, na mjane akalia kwa niaba yangu.

Utasema ni jambo dogo. Ni dogo kweli. Lakini lilipofika lilikuta mahali pa kukaa. Mume wa rafiki yangu alikuwa ametangulia kufa, miaka miwili kabla ya wangu. Mume wangu alikuwa fundi seremala, na baada ya msiba ule alikuwa akienda kumsaidia yule mama. Alianza na paa lililovuja. Yakafuata madirisha. Yakafuata makabati ya jikoni, kisha nyumba ya kuku yenye ghorofa, ambayo watu walikuja kuitazama. Kwangu mlango wa jikoni ulikuwa unafungwa kwa kamba. Na kila aliporudi kutoka huko, alirudi ameshiba.

Rafiki yangu alikuwa akimwita mulamwa, yaani shemeji. Kwetu mulamwa hutaniwa bila mpaka, na hakuna anayekasirika. Basi alimwambia mbele yangu, "Mulamwa, huyu mwalimu akikuchoka nijulishe, nitaleta ng'ombe wa mahari mwenyewe." Nasi sote watatu tulicheka. Nilicheka kila mara, na kicheko kile ndicho kilichoniudhi zaidi baadaye nilipokuwa nimelala peke yangu nikihesabu mabati ya paa.

Sasa turudi nyuma kidogo. Hutaelewa kulia kwa rafiki yangu kama hujui alijifunzia wapi.

Tulipokuwa wasichana, mimi na yeye tulikodi chumba kimoja Gatwekera, huko Kibera, Nairobi, chumba cha udongo kilichoezekwa mabati yenye matundu. Kazi yetu ilikuwa kufulia watu nguo. Asubuhi tulitembea hadi mitaa yenye mageti, tukakaa kando ya barabara na wanawake wengine, tukangoja mwenye nguo chafu aje achague. Siku nyingi hakuja mtu. Ndipo tukaanza kazi ya pili, ambayo hatukuiita kazi. Tulikuwa tunalilia marehemu wa watu.

Mtu wa kwetu akifa Nairobi, hazikwi Nairobi. Watu wa kijijini kwake walio mjini hukutana nyumbani kwake siku kadhaa, waombe, waimbe, wapange safari ya kumpeleka nyumbani. Hapo pana chai ya maziwa na mkate. Anayelia sana hupewa kwanza, tena ule ukoko mnene wa mwanzo wa mkate, uliopakwa siagi. Tulikuwa na njaa, na Nairobi haikukosa misiba.

Mimi nilikuwa mpelelezi. Nilikwenda kwenye kibanda cha jirani kununua kiberiti, nikauliza kwa huruma: marehemu alikuwa wa wapi, alifanya kazi gani, alipenda nini, ameacha nani. Nilirudi na habari zote zimepangika kichwani. Rafiki yangu alizichukua akaingia nazo uani. Alianza kwa kuguna, kama mtu aliyekanyaga mwiba. Kisha kwikwi mbili. Kisha akaita, kwa lugha ya nyumbani, akitaja mto wa kijiji cha marehemu, mwembe wa shule yao, jinsi alivyokuwa akisalimia watoto. Wanawake walimpokea kabla hajafika chini, wakamketisha mkekani. Mimi nililetewa chai mwisho. Nilionekana kama mtu aliyemsindikiza mwingine, na ndivyo nilivyokuwa.

Ule mwembe wa shule nilikuwa nimeupata mimi. Nilisimama kibandani nusu saa kuupata. Hakuna aliyewahi kuniambia umefanya vizuri.

Msiba uliotuharibia ulikuwa Kongo, sehemu ya mtaa wa Kawangware huko huko Nairobi. Ilikuwa Jumapili mchana. Marehemu alikuwa mwashi kutoka kwetu, aliyeoa binti wa wenyeji wa hapo, Wakikuyu wenye ploti za kupangisha. Nilipeleleza vizuri siku hiyo. Nilijua alikuwa akipiga mluzi juu ya ngazi, nilijua alikuwa na koti moja zuri la sufu la rangi ya udongo, ambalo hakulivaa kazini. Rafiki yangu aliingia akalia kuliko siku zote. Watu wazima waliinamisha vichwa. Na koti lenyewe lilikuwa limetundikwa kwenye msumari kando ya mlango. Katikati ya kilio aliinuka, akalishusha, akalivaa, akakaa chini amejifunga nalo, mikono imekunjwa tumboni.

Watu wa kwetu waliokuwa pale walinyamaza wote kwa wakati mmoja. Unajua sasa kwa nini. Mjane mwenyewe hakujua, desturi hiyo si ya kwao. Alikuwa amekaa bila koti. Wanawake wawili wa upande wa mume wakamwinamia wakamweleza sikioni. Nilimwona uso wake unavyobadilika. Akainuka, akaja akasimama mbele ya rafiki yangu, akamuuliza, "Ulikuwa wake?"

Rafiki yangu alijifunga koti zaidi. Akaendelea kulia.

Yule mama akainua macho akatazama watu, mmoja mmoja, kama anayetafuta atakayemwambia si kweli. Macho yake yakanifikia mimi. Nikainamisha uso wangu, nikanywa chai.

Mzee mmoja alipoanza kuuliza huyu msichana ni wa nyumba gani, tulitoka kupitia upande wa choo, tukakimbia. Koti tuliliacha juu ya seng'enge. Hatukurudi Kawangware tena, na kazi ile tuliiacha. Mwaka uliofuata tuliolewa wote wawili tukarudi magharibi, tukawa wanawake wa heshima, wenye vitambaa vya kichwa vya chama cha akina mama.

Mwezi wa nne uliopita binti yangu alijifungua, naye anaishi Kawangware na mume wake. Nilitakiwa niende kumwogesha mtoto. Rafiki yangu aliposikia akasema, "Tutaenda wote. Tangu nivae koti la marehemu wangu, yule mama wa Kongo hanitoki kichwani. Nataka nimwambie." Nikamjibu kwamba ni wazo zuri. Ukweli ni kwamba sikuwa nikimfikiria mama wa Kongo hata kidogo. Nilitaka nimwone rafiki yangu amesimama mbele ya mwanamke aliyemwuliza swali langu. Nilitaka nitazame uso wake, nione kama kuna mahali patakapotikisika.

Asubuhi moja tulikwenda Gatwekera kwanza, kuona. Chumba chetu hakipo. Mahali pake pana choo cha kulipia kilichopakwa rangi ya samawati, na kando yake mwanamke wa rika letu alikuwa anauza omena, wale dagaa wa ziwani, kwenye karai. Alimtazama rafiki yangu, akaweka chini kikombe cha kupimia.

"Wewe," alisema, "si ni yule msichana wa kulia?"

"Ni mimi."

"Mungu wangu. Tulikuwa tunasema utakufa kijana, maji yote yaishe mwilini." Wakashikana mikono wakacheka mpaka wakakohoa. Kisha akanitazama kwa adabu. "Na huyu mgeni wako ni wa wapi?"

"Huyu? Huyu ni mwalimu. Tulikuwa tunaishi naye hapa hapa."

"Hapa? Hapana. Huyu ningemkumbuka."

"Nilikuwa naazima jiko lako," nikasema.

"Wengi walikuwa wanaazima," alinijibu, bila ubaya wowote.

Tulichukua boda boda kwenda Kawangware, kila mtu yake. Dereva wa kwake alizungumza naye njia nzima, niliwaona mbele yangu vichwa vinavyotikisika kwa kicheko. Wa kwangu aliniambia nishike vizuri, mathe, yaani mama, basi.

Kongo imejengwa juu. Palipokuwa na nyumba za mabati pana ghorofa nne za mawe, nguo zinaning'inia kila baraza. Lakini ploti ile haikuwa imeguswa: mstari wa vyumba vya mabati, uwanja wa udongo katikati, pipa la maji. Kwenye stuli mbele ya mlango wa kwanza alikuwa amekaa mwanamke mzee, uteo wa maharagwe mapajani, anatoa mawe. Nilimjua kwa jinsi alivyoinua macho.

"Chumba iko moja," alisema kabla hatujamsalimu. "Ile ya mwisho. Stima iko, maji ni ya kuteka hapo. Mko wangapi?"

"Hatutafuti chumba, mama," rafiki yangu alisema.

"Basi mmetoka kanisa gani?"

"Hatujatumwa na kanisa."

"Afadhali. Wale wa jana waliomba mpaka githeri yangu ikaungua. Kaeni."

Palikuwa na jerikeni mbili. Tulizigeuza tukakaa, rafiki yangu upande wake wa kulia, mimi wa kushoto. Yule mama akagawa maharagwe bila kuuliza, akamwaga fungu kwenye sinia mbele ya kila mmoja, nasi tukaanza kuchambua. Tukawa watatu tunatazama mbele, mikono inafanya kazi. Nadhani ndiyo iliyotusaidia. Rafiki yangu alisema habari yote akiitazama sinia. Hakujipamba. Alisema tulikuwa na njaa, tulikuwa na tabia hii, siku ile tulikuja hapa, nikavaa koti.

"Ni wewe?" mama aliuliza.

"Ni mimi."

"Ulikuwa mwembamba."

"Ndiyo, mama."

"Kwa hivyo hukuwa wa bwana yangu."

"Sikumjua. Sikuwahi kumwona hata siku moja."

"Hata kwa barabara?"

"Hata kwa barabara."

Mkono wa yule mama ulisimama juu ya maharagwe. "Na mtoto?" alisema.

"Mtoto gani, mama?"

Yule mama alichukua jiwe dogo, akalitupa mbali kuliko ilivyohitajika.

"Ulikuwa umeshika tumbo hivi, na koti. Wale wamama wa kwao wakaniambia, huyo ni mke, na angalia anavyoshika tumbo. Mwaka wa kwanza nilikuombea ufe. Nasema tu ukweli. Mwaka wa pili nikachoka. Unajua mimi na yeye hatukupata. Sasa nikaanza kufikiria, ako na mtoto mahali. Nikasema, sasa anatambaa. Sasa ameingia nasari. Kila mwaka nilikuwa najua ako darasa gani. Hiyo chumba ya mwisho nilikuwa sipangishi. Nilisema akikuja na amekosa pa kulala, itakuwaje? Ni mwaka huu tu nimeifungua. Mtu wa miaka hiyo yote ako na nyumba yake."

Kutoka ghorofani mtu alikuwa anapigia misumari ukuta.

"Kwa hivyo hakuna," alisema.

"Hakuna, mama," rafiki yangu alisema. "Nisamehe." Na hapo sikusikia kwikwi wala kuguna. Alilisema kwa sauti kavu kabisa. Nilishangaa, nilikuwa nimemngoja alie.

Mama aligeuka upande wangu. Alinitazama muda mrefu.

"Wewe nakukumbuka," alisema. "Ulikuwa umekaa hapo kwa pipa. Na kikombe."

Nitakuambia jambo la aibu. Nilifurahi. Asubuhi nzima nilikuwa mgeni wa mtu, na sasa yupo aliyenikumbuka. Furaha hiyo haikukaa.

"Ulikuwa unajua ni uongo?"

"Nilijua."

"Nilikuangalia. Nilikuwa natafuta mtu aniambie si hivyo, nikakuona wewe, nikasema huyu msichana mtulivu ataniambia. Mbona hukusema?"

Kwa miaka mingi nilikuwa na jibu la swali hili. Nilikuwa nikijiambia kwamba niliogopa. Lakini ukikaa umeshika maharagwe ya mtu uliyemkosea, jibu la siku nyingi linapoteza nguvu. Siku ile Kongo sikuogopa. Niliona rafiki yangu amenaswa, na kwa mara ya kwanza wanawake hawakumtazama kwa upendo, nami nikataka wamtazame hivyo dakika moja zaidi.

"Nilikuwa namwonea wivu," nikasema.

Rafiki yangu aliinua kichwa. "Wivu wa nini? Wa chai?"

"Wa kila kitu. Wa chai pia."

"Mkate si tulikuwa tunagawana?"

"Ulikuwa unanigawia wewe. Mimi sikuwa na wa kukugawia."

"Huyu mtu," alimwambia mama kana kwamba mimi sipo, "nimeishi naye miaka arobaini, na leo ndiyo ananiambia anataka ukoko wa mkate."

Mama hakucheka, ila mdomo wake ulijaribu. Kisha akasema maneno ambayo ningependa uyasikie kama nilivyoyasikia, kwa hiyo nayarudia yote.

"Mambo ya mtoto nilikuja kukubali. Mambo ya kuwa na mwingine pia, wanaume ni wanaume. Kitu moja sijakubali mpaka leo. Mimi sikumlilia. Nilikuwa nimekauka. Watu wanakuja, wananiangalia, mimi niko tu. Halafu mtoto wa watu anatoka huko barabarani, anamlilia bwana yangu mpaka mimi mwenyewe nasema, kumbe alikuwa mtu wa maana hivi. Ulimlilia vizuri kuniliko. Hiyo ndiyo sikukusamehe."

Jagi la maji lilirudi mkononi mwangu. Yale yalikuwa maneno yangu, yametoka kwa mdomo wa mtu mwingine, juu ya msiba wa mji mwingine, wa kabla hata mimi sijaolewa. Nilikuwa nimelijenga kosa la rafiki yangu kutoka kwa mabati na makabati na shibe ya mume wangu, na chini kabisa palikuwa na hili tu: alimlilia vizuri kuniliko.

Lakini kujua hivyo hakukunijibu. Kwa hiyo niliuliza.

"Na mume wangu?"

"Mume wako amefanya nini?" rafiki yangu alisema.

"Ulivaa koti lake. Siku ile."

"Eeh."

"Kwa nini?"

"Hapana, mwalimu. Unauliza kama mtu anayechungulia dirishani. Kama unauliza, uliza."

Mama aliendelea kuchambua, polepole zaidi, ili asikie.

"Ulikuwa na mume wangu?" nikasema. "Ulilala naye?"

"Hapana."

Nilitaka kuruka juu ya jibu hilo nikalichanachana. Lakini darasani nilijifunza kwamba mtoto akijibu neno moja, ukimwacha kidogo, neno la pili liko njiani. Nikachagua maharagwe. Niliona nilikuwa naweka mazuri upande wa mawe.

"Walikuwa wameanza kunong'ona nyuma yangu," alisema hatimaye. "Wale wa upande wa shangazi yake mumeo. Mwalimu halii, mwalimu hakumpenda, mwalimu anangoja shamba. Na koti limeanguka chini, kuku anatembea juu yake. Nikaliokota. Nikaliweka mabegani kwa sababu sikuona pa kuliweka. Nikasema, huyu mtu amepeleleza mume wake miaka thelathini na minne, anajua yote, lakini kulia hajui, hajawahi kujua. Wa kulia ni mimi. Basi nikaanza kulia ile ya kazi. Mto wa kwao, randa yake, vile alikuwa anaweka penseli sikioni. Nilidhani utakuja ukae karibu, kama zamani, watu wakuone."

"Wakakuona wewe."

"Nimesikia. Hilo ni kosa langu, nalipokea."

Nikarudi kwenye maharagwe. Safari hii ilikuwa vigumu zaidi kungoja.

"Halafu ile ya kazi iliisha, na nikakuta bado nalia. Hiyo siwezi kukuambia ilikuwa ya nani. Ya marehemu wangu, kidogo. Ya wako pia. Watoto wangu hawapigi simu, mwalimu. Yule mtu alikuwa anakuja, anaezeka, anakula ugali, anasema mboga ni tamu. Nilikuwa nampenda mulamwa. Ukitaka niseme sikumpenda, hiyo sisemi, hata hapa mbele ya huyu mama."

Unaona hali niliyokuwamo. Nilikuwa nimejiandaa kwa majibu mawili. Kama angesema ndiyo, ningemchukia kwa haki. Kama angesema hapana, tena hapana kabisa, ningemwomba radhi na kurudi nyumbani nikiwa mwepesi. Nikapewa la tatu, ambalo sikuwa na mahali pa kuliweka. Mume wangu alikuwa amependwa katika nyumba mbili, na ya pili haikuniibia kitu. Hata hivyo niliona wivu. Niliona wivu pale pale juu ya jerikeni, lakini ulikuwa wivu wenye mipaka, ungeweza kuuzunguka kwa miguu. Ule wa awali haukuwa na mwisho.

"Ungeniambia anapenda mboga," nikasema. "Kwangu alikuwa anasema zimezidi chumvi."

"Zilikuwa zimezidi chumvi," alisema rafiki yangu.

Mama alikusanya maharagwe yetu, akayakagua. Yangu aliyarudisha kwenye uteo ayachambue upya. Tuliposimama kuaga, alimshika rafiki yangu mkono. "Wewe rudi kesho," alisema. "Uniambie kwao kukoje. Nilienda siku ya kuzika tu, na sikuona kitu." Kwangu alisema, "Mwalimu, safari njema."

Rafiki yangu alirudi kesho yake, na kesho kutwa, na siku nzima ya Alhamisi. Alikuwa anakaa pale akimweleza yule mama juu ya milima yetu, mawe makubwa yaliyobebana, jinsi mwashi anavyochagua jiwe la pembe. Jioni alirudi ameshiba githeri, mahindi na maharagwe ya yule mama. Mimi nilikuwa kwa binti yangu namwogesha mjukuu, na siku ya Alhamisi binti yangu aliniambia, mama, msugue polepole, huyo ni mtoto. Alhamisi hiyo hiyo, alipoingia, nilimuuliza rafiki yangu kama ananiacha ili ahamie Kongo. Alivua viatu, akakaa. Alisema hapana. Nikangoja. Akasema mama yule amemwonyesha chumba cha mwisho, amekipenda, na angekichukua kama si mimi niliye mlima wa pili. Nikampa mtoto amshike.

Sasa wewe. Kama yuko mtu unayemshuku, na bado anapumua, mwendee wiki hii, mchana. Kaeni bega kwa bega mkiwa na kazi ndogo mikononi, ili msilazimike kutazamana. Taja kosa lako mwenyewe kwanza. Kisha uliza swali lako lote kwa maneno yake kamili, na akishajibu, hesabu hadi kumi kabla ya kufungua mdomo.